Siku tano magofuni mwa bonde la Wye

Jumatano, London

Picha yenyewe ni kubwa kidogo tu kuliko karatasi ya mtihani. Nilikuwa nimeomba nafasi wiki kadhaa kabla, katika chumba cha michoro cha Tate Britain, na leo asubuhi mhudumu aliniambia nioshe mikono, niiache kalamu ya wino mkobani na nibaki na penseli. Kisha akaniwekea mezani kazi ya mchoraji Mwingereza Turner ya mwaka 1794: abasia ya Tintern, makao ya watawa yaliyobaki gofu kando ya mto Wye, mpakani mwa Uingereza na Wales, imechorwa kwa rangi za maji, macho yakielekezwa kwenye dirisha kubwa la mashariki.

Nimefundisha sanaa miaka kumi na tisa katika shule ya sekondari karibu na Malindi, na picha hii nimeifundisha kutoka kwenye nakala iliyofifia mpaka wanafunzi wanadhani ni ya kijivu. Si ya kijivu hata kidogo. Mawe yana umanjano wa mkate uliotoka tanurini, na kule juu kwenye matao rangi inageuka samawati, halafu kijani pale mimea ya kutambaa inapoyafunika. Turner alifika Tintern mara ya kwanza mwaka 1792, akiwa na miaka 17. Alichora kwa penseli palepale, rangi akazitia baadaye nyumbani. Ukiinamia karatasi utaona ameyanyoosha matao kwenda juu kuliko kawaida, na chini kabisa ameweka watu wadogo wadogo, wasio na nyuso, ili ujue ukubwa wa jengo.

Niliwatazama hao watu kwa muda mrefu. Nimekulia kilomita chache kutoka magofu ya Gede, na tangu utotoni najua kwamba gofu lina watu. Kuna waliolijenga, kuna waliolihama, na kuna wale wanaolima kando yake leo. Darasani tunapofika kwenye ulimbwende wa Ulaya, ule mwamko wa mwisho wa karne ya 18 uliowafanya washairi na wachoraji wayakimbilie makanisa yaliyobomoka na ngome zilizoachwa, huwa nawaambia wanafunzi watazame mawe, mwanga na mimea. Sijawahi kuwauliza hawa watu wa chini ni akina nani. Safari hii nimeamua niulize.

Alhamisi, London hadi Bristol

Basi, mvua, na foleni ndefu. Jioni nilipokewa na dada yangu na binti yake wa miaka kumi na moja. "Shikamoo Mjomba," alinisalimu kwa Kiswahili safi alichofunzwa na mamake, nikaitikia marahaba huku koo limenikaba, kwa kuwa mara ya mwisho nilimbeba mgongoni. Dada alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Baada ya kula tukatandaza ramani mezani, na mpwa wangu akapitisha kidole juu ya mto Wye, kutoka mji wa Ross mpaka unapomwagika kwenye mlango wa mto Severn. Ana daftari lake la kuchorea. Naye anakuja.

Ijumaa, Ross na Goodrich

Safari ya Wye, ile ya watalii wa karne ya 18, ilianzia Ross, nasi tukaanzia hapohapo. Mwaka 1745 kasisi wa mji huu, John Egerton, aliunda mashua ya kuwatembezea wageni wake mtoni. Wageni walipenda, habari zikaenea, na kufikia mwisho wa karne hiyo wenyeji walikuwa wanapata riziki kwa kukodisha mashua zenye paa la turubai na meza katikati, ili mgeni achore au aandike huku anapigiwa makasia. Ilikuwa kazi ya siku mbili: ya kwanza hadi Monmouth, ya pili hadi Chepstow. Vita na Ufaransa vilipofunga njia za kwenda Italia, wenye pesa walizidi kumiminika huku, wakayatafuta magofu ya kwao.

Mtu aliyewafundisha namna ya kuyatazama alikuwa kasisi na mwalimu wa shule, William Gilpin. Alipita mtoni mwaka 1770, na kitabu chake cha safari hiyo kikachapishwa mwaka 1782. Kilikuwa kidogo, cha kutia mfukoni. Gilpin hakuuliza ngome ilijengwa na nani wala lini. Aliuliza kama inakaa vizuri kwenye picha: je, mistari imevunjika vya kutosha, je, kingo zimelainishwa na mimea, je, upande mmoja una kivuli? Namuelewa, maana hiyo ndiyo lugha ya kazi yangu. Ninapompanga mwanafunzi mbele ya mbuyu nasema mambo yaleyale.

Mchana tulikuwa Goodrich. Ngome imejengwa kwa mawe mekundu ya mchanga juu ya mwamba mwekundu, hata hujui mwamba unaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Mwaka 1646, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jeshi la Bunge liliizingira na kuipiga kwa mzinga mfupi mnene uliosubuliwa makusudi kwa kazi hiyo. Mzinga wenyewe umo humo uani leo. Mpwa wangu aliingiza kichwa mdomoni mwake, akaita, ukamwitikia.

Lakini kilichonileta Goodrich si mzinga. Mwaka 1793 kijana wa miaka 23, William Wordsworth, alikuwa anapita hapa kwa miguu, na ndani ya eneo la ngome hii akakutana na msichana mdogo. Wakazungumza habari za ndugu zake. Mazungumzo hayo yakawa shairi ambalo watoto wa shule wamelikariri kwa vizazi: mtoto anawahesabu ndugu zake waliozikwa makaburini pamoja na walio hai, na mtu mzima anashindwa kumtoa kwenye hesabu yake. Mwaka 1841 mshairi alirudi, sasa ni mzee. Alitamani kupata angalau habari za yule msichana katika vijiji vya jirani, lakini hapakuwa na njia. Hakuwa amemuuliza jina.

Nilimsimulia mpwa wangu tukiwa tumekaa kwenye ngazi. Alinyamaza, kisha akasema, "Mjomba, alimuuliza mko wangapi, halafu jina hakumuuliza?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, mwanangu.

Jumamosi, Tintern

Tulifika saa tatu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala mtoni. Barabara inapinda mara moja, halafu abasia inakusimamia mbele yote kwa pamoja. Haina paa, haina vioo, na kupitia matundu ya madirisha unaona misitu ya upande wa pili. Nimeona picha zake mamia. Hata hivyo nilimwambia dada asimamishe gari.

Watawa wa kiume wa shirika la Cistercian walianzishiwa makao hapa mwaka 1131 na Walter de Clare, bwana wa Chepstow. Kanisa hili tunaloliona ni la pili. Lilianza kujengwa mwaka 1269, na lina urefu wa karibu mita 70. Tarehe 3 Septemba 1536 abasia ilikabidhiwa kwa maofisa wa Mfalme Henry wa Nane, aliyekuwa anazifunga nyumba za watawa nchi nzima na kuchukua mali zao. Madini ya risasi yaliyoezekwa paani yalikuwa na bei nzuri, yakabanduliwa. Paa likitoka, mvua inafanya kazi iliyobaki. Kila nikisikia watu wakisema magofu haya yameumbwa na wakati, nataka niwaonyeshe pale juu ukutani ambapo paa lilishikana na mawe. Wakati ulikuja kumalizia tu kazi iliyoanzwa na amri ya mfalme na mafundi wenye nyenzo.

Sehemu ya kanisa leo ina majukwaa ya mafundi, kwa kuwa jiwe la mchanga linalika. Mimi nilikaa upande wa kaskazini wa kitovu cha msalaba, pale mikono ya kanisa inapokutana, nikafungua ubao wangu wa kuchorea. Nataka niseme ukweli wa mkono, kwa wale wanaochora: jengo hili ni gumu. Dirisha la mashariki limechukua karibu ukuta wote, limebaki na mhimili mmoja mwembamba katikati unaogawanyika juu kama shina la mwembe, na jicho linakimbilia huko kila mara, likasahau nguzo. Saa ya kwanza niliharibu karatasi tatu. Ya nne niliacha dirisha, nikaanza na kivuli cha nguzo moja sakafuni, ndipo jengo likakubali kusimama.

Sakafu yenyewe ni nyasi. Katika karne ya 18 mwenye mali, Duke wa Beaufort, aliondoa kifusi na kupanda nyasi nadhifu, na Gilpin hakufurahi. Alitaka gofu liachwe lilivyo. Kuta za ncha za kanisa pia zilimkera. Ni pembetatu zilizonyooka mno, akaandika kwamba nyundo ikitumiwa kwa busara ingeweza kuzisaidia. Hebu fikiria hilo. Kanisa lililokwisha kubomolewa na mfalme, mpenda magofu anaona halijabomoka vizuri. Baadaye lilipendwa kwa mimea iliyolifunika. Turner aliichora, na wageni waliokuja kwa reli iliyofunguliwa mwaka 1876 waliimbia sifa zake chini ya mbalamwezi. Serikali ilipolinunua gofu mwaka 1901, mafundi waliiondoa kwa kuwa mizizi ilikuwa inapasua mawe. Tintern ya Turner, kwa hiyo, haiwezi kuonekana tena ila karatasini, na mimi nasema heri iwe hivyo kuliko kuta kuanguka.

Wageni wa enzi ile walikuwa na kifaa ambacho nimekisimulia darasani bila kuwahi kukishika: kioo cheusi kilichobinuka kidogo, kikaitwa kwa jina la mchoraji Claude Lorrain. Mtu aligeukia mbali na gofu, akakiinua kioo, akalitazama gofu ndani yake likiwa dogo, rangi zimepoa, pembe zimejikusanya kama picha iliyokwisha kuchorwa. Nilikuwa namweleza mpwa wangu. Akatoa simu ya mamake mfukoni, akaizima, akaipa abasia mgongo na kuinua kioo chake cheusi juu ya bega. "Mjomba, njoo uone." Nikainama nyuma yake. Dirisha la mashariki lilikuwa humo, dogo kama kidole gumba, mbingu imegeuka rangi ya chai ya rangi, na nguzo zote zimetulia mahali pake. Nilitetemeka kidogo. Ilikuwa kama kuliona kwa jicho la mtu aliyekufa zamani.

Ndani ya kioo kile hapakuwa na mtu. Waliokuwa wanapiga picha chini ya matao walimezwa na giza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonivuta hasa. Gilpin, ambaye kitabu chake kimejaa mistari na vivuli, aliandika kwa uaminifu kwamba mwaka ule wa 1770 magofu yalikuwa na wakazi. Maskini walikuwa wamejijengea vibanda humo, wakiomba sadaka kwa wageni na kujitolea kuwaonyesha njia. Mmoja wao alikuwa mwanamke ambaye hakuweza kutembea vizuri. Viungo vyake vilikuwa vimepooza, akijikokota kwa fimbo mbili. Aliwaahidi wageni kuwaonyesha maktaba ya watawa. Wakamfuata kupitia lango la zamani, kwenye upupu na miiba, mpaka kwenye kipande cha ukumbi kilichosalia, akasema ni hapa. Ilikuwa nyumba yake. Palikuwa na uwazi wenye dari ya juu kati ya kuta mbili, unyevu ukichuruzika na kuacha madoa ya rangi mbalimbali, na sakafu ya udongo uliobonyea ukikanyagwa. Hapakuwa na chombo wala fanicha ila kitanda kibovu chenye matambara machache, na kitanda hicho kilikuwa kimevutwa katikati ya chumba ili maji yanayotiririka ukutani yasikifikie.

Gilpin anakiri kwamba hakutarajia kuguswa, na kwamba aliguswa. Alieleza chumba chote. Jina la bibi hakuandika.

Nilipotoka kanisani kwenda upande wa ukumbi wa watawa, kaskazini, nilitafuta chumba cha vitabu. Kipo kweli, kimebanwa kando ya kanisa. Kama bibi alikuwa analala humo hasa au chumba cha jirani, kwangu si kitu. Nilisimama ndani nikaweka kiganja ukutani. Ni Aprili, jua limetoka, na jiwe lilikuwa limelowa. Maji yalishuka kwenye kiganja mpaka kwenye saa yangu. Nilisogea katikati, hatua mbili tu kutoka kila ukuta, nikaelewa kwa mwili kwa nini kitanda kilivutwa pale. Mtu aliyefanya hivyo alikuwa anafikiri na kupigania mapafu yake kila usiku, kwa nguvu za fimbo mbili.

Na hakuwa peke yake bondeni. Kabla ya Gilpin kwa miaka mia mbili, tangu 1566, kulikuwa na viwanda vya waya katika kijito cha Angidy, mwendo mfupi kutoka hapa. Tanuri, nyundo za maji, makaa yanayochomwa msituni. Wordsworth alipopita tena Julai 1798 pamoja na dada yake Dorothy, akaandika lile shairi kubwa linalotaja abasia kwenye kichwa chake tu, aliuona moshi ukipanda kimya kati ya miti, akawaza habari za wazururaji wa msituni au mtawa wa pangoni. Ni shairi ninalolipenda kwa dhati, limenifariji msibani. Lakini moshi ule ulikuwa na watu chini yake waliokuwa kazini, na nitawaambia wanafunzi wangu.

Dada alitungoja kwenye benchi na chupa ya chai na mahamri. Tulikula bila kusema mengi.

Jumapili, Chepstow na Piercefield

Ngome ya Chepstow ilianza kujengwa mwaka 1067, mwaka mmoja tu baada ya Wanormani kuivamia Uingereza, na milango yake ya mbao ya karne ya 12 bado ipo ndani. Tuliipitia haraka, nisamehewe. Nilikuwa na haja na gofu jingine, ambalo si la enzi za kati.

Kutoka mjini tulipanda kwa miguu kufuata njia za Piercefield. Zilichongwa katikati ya karne ya 18 na Valentine Morris, mzaliwa wa kisiwa cha Antigua huko Karibi, kwa mali ya mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Kila baada ya hatua kadhaa alitengeneza mahali pa kusimama na kutazama mto, na hakuna msafiri wa Wye aliyekamilisha safari bila kupita hapa. Kwa hiyo yale macho ya kilimbwende, yaliyotufundisha kupenda gofu na jabali, yalikuwa yamesimama juu ya jasho la Waafrika kabla hata ya Turner kuzaliwa. Haya hayakuwemo katika vitabu nilivyosomea ualimu.

Nyumba ya Piercefield inaonekana ukitoka kwenye miti, kando ya uwanja wa mbio za farasi. Haina paa. Madirisha ni matupu, miti imeota ndani, na mtambaa umefunika upande mmoja hadi juu. Turner angekaa chini achore. Iliundwa na msanifu John Soane katika miaka ya 1790, na mwaka 1802 ilinunuliwa na Nathaniel Wells.

Wells alizaliwa St Kitts, kisiwa kingine cha Karibi, mwaka 1779. Baba yake alikuwa mwenye mashamba kutoka Wales. Mama yake alikuwa mtumwa wa nyumbani, Mwafrika, ambaye kumbukumbu zinamtaja kwa jina la Juggy. Baba alimpeleka mtoto Uingereza kusoma, akamrithisha mali. Mwaka 1818 aliteuliwa sherifu, yaani mwakilishi wa mfalme, wa jimbo la Monmouthshire, mtu mweusi wa kwanza kushika cheo hicho Uingereza. Wageni wa magofu walitembea kwenye bustani zake, akawaruhusu. Na huyuhuyu, mwana wa mtumwa, alimiliki watumwa St Kitts mpaka sheria ilipowaachilia, na fidia akalipwa yeye.

Dada yangu ameishi Bristol miaka kumi na minne, mwendo wa nusu saa kutoka hapa, na hakuwahi kulisikia jina hili. Alisimama mbele ya ukuta, mikono kifuani. "Na mamake?" akauliza. "Alikuja kuiona nyumba hii?" Sina jibu la swali hilo. Katika kanisa dogo la kijiji cha St Arvans kuna bamba la kumkumbuka Wells. Tulilikuta kanisa wazi. Dada alilisoma bamba kwa sauti, polepole, kisha akaongeza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "Na Juggy."

Jioni, Bristol. Nimemaliza kutia rangi mchoro wa chumba cha vitabu. Nimetumia umanjano wa Turner kwa mawe na kijani kwa unyevu, na nimeacha mwanga uingie kwa upenyo mmoja, kama Gilpin alivyoueleza. Mpwa wangu alikuja kuegemea bega langu, akakitazama kwa muda.

"Mjomba, umesahau kitanda."

Nikampa brashi. Amekichora yeye, katikati, mbali na kuta zote mbili, na fimbo mbili zimeegemezwa upande wa kichwani.